Kofia ya bluu peke yake haitoshi: wanawake wa Kivu na walinda amani

BARAKA: Haya jamani karibuni tena, mimi Baraka niko Mwanza, na dada yangu Furaha yuko Nairobi ila wote mnajua kwao ni Bukavu, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo (DRC). Leo ni wanawake na walinda amani, maana wasikilizaji wengi wameuliza hivi lile Azimio 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la wanawake, amani na usalama, limeleta nini, lilipita Oktoba 2000, Namibia ndo walishika uenyekiti mwezi ule, robo karne sasa.

FURAHA: Asante kaka Baraka. Mi naomba nianzie Luvungi, kule Walikale, Kivu Kaskazini. Mwisho wa Julai 2010 mpaka tarehe 2 Agosti watu wenye silaha waliingia kwenye vijiji vya barabara ile wakabaka siku nne mfululizo, zaidi ya watu 300, wengi wao akina mama, mabinti pia, hata wanaume na watoto wa kiume walikuwemo. Na kambi ya MONUSCO, yaani walinda amani wa Umoja wa Mataifa kule Kongo, ilikuwa Kibua, kama kilomita 30 tu.

BARAKA: Kilomita 30.

FURAHA: Eeh. Na doria yao ilipita pale, watu hawakuwasimulia ya ubakaji. Sasa wengi wanauliza kwanini hawakusema. Mi nauliza we mama umetoka kufanyiwa unyama ule mbele ya watoto wako, linasimama gari la wanaume wageni wenye bunduki, lugha yako hawaijui, utaanzia wapi kumwambia? Utamwambia nani?

BARAKA: Na Umoja wa Mataifa wenyewe baadaye walikiri kwenye Baraza la Usalama kwamba walichofanya hakikutosha.

FURAHA: Walikiri, ni kweli, na kuna kitu kilibadilika. Ndo wakaanza kuajiri wasaidizi wa jamii, yaani Wakongo wenyewe wanaojua Kiswahili na lugha za pale, wanakaa karibu na kambi, wanazunguka kwa machifu, kwa ba mama wa sokoni, wanachukua habari wanampelekea kamanda. Na ile mitandao ya tahadhari, kijiji kinakuwa na watu wanaojulikana wa kupiga simu hatari ikikaribia. Kwangu mimi hicho kimesaidia kuliko hotuba nyingi sana, kwasababu mama ndo anajua njia ya shamba ipi imeanza kuwa na watu asiowajua, kisima kipi wasichana wameacha kwenda, siku ya soko kizuizi kinawekwa wapi. Yeye anajua wiki nzima kabla kamanda hajajua!

BARAKA: Sasa hapo ndo wanawake wanajeshi wanapoingia, au sio? Maana mwaka 1993 wanawake walikuwa asilimia 1 tu ya askari wote waliotumwa, leo lengo ni asilimia 15 kwenye vikosi vya jeshi ifikapo 2028 na mpaka sasa hata 10 hawajafika.

FURAHA: Wanaingia, ndio. Beni kule, Kivu Kaskazini, wanajeshi wa Tanzania wana timu zao za wanawake, wanakaa chini na akina mama wanaongea Kiswahili moja kwa moja bila mkalimani wa kiume katikati, na hiyo nawapongeza Watanzania kwa moyo wangu wote. Halafu Kenya kuna Meja Steplyne Nyaboga, alikuwa mlinda amani Darfur, kule Sudan, akapata tuzo ya Umoja wa Mataifa ya 2020 kwa kusukuma mambo ya wanawake yaingie kwenye kazi ya kijeshi yenyewe. Darfur mama akienda kuokota kuni ndo anavamiwa, kwahiyo saa ya doria ni jambo la uhai, doria ikipita saa tano wakati akina mama wametoka alfajiri inamlinda nani?

BARAKA: Hapo umenigusa. Na Liberia nako, India walipeleka kikosi cha polisi wanawake watupu 2007, wakakaa mpaka 2016.

FURAHA: Ndio, nao wamefanya kazi. Ila kaka kuna hatari moja nataka niiseme wazi. Ukishapeleka askari wanawake wawili kwenye kikosi cha watu mia halafu ukawabebesha wao peke yao kazi yote ya kuongea na waathirika, wanaume wengine wote wanapumzika, kila mtu anasema hiyo kazi ya akina dada. Hapana. Kumlinda mwanamke ni kazi ya kamanda. Azimio 1820 la mwaka 2008 lilishasema ubakaji unaweza kuwa mbinu ya vita, basi ukijua shambulio linakuja unapanga kama unavyopanga vita vyovyote.

BARAKA: Na wale walinda amani wanaowadhulumu haohao wanawake?

FURAHA: Tusiikwepe hii. Bunia, kule Ituri, mashariki mwa Kongo, 2004 iligundulika walinda amani walikuwa wanawatumia wasichana wadogo kingono, kuna waliopewa mayai, maziwa, dola moja au mbili, mtoto ana njaa yuko kambi ya wakimbizi wa ndani. Mwaka 2016 likaja Azimio 2272, kikosi kizima kinaweza kurudishwa kwao. Lakini kesi ya jinai inabaki kwenye nchi ya huyo askari, mama yuko Ituri, mahakama iko bara lingine, hajui hata kama imefunguliwa, na mtoto aliyezaliwa anataka ada. Nchi zinazotuma vikosi, zetu hizi pia, zingeleta mahakama ya kijeshi ikae palepale tendo lilipotendeka.

BARAKA: Na sasa hali ni ngumu zaidi. MONUSCO waliondoka Kivu Kusini Juni 2024, Goma ikaanguka mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, Bukavu Februari.

FURAHA: Nyumbani kwangu. Hospitali ya Panzi pale Bukavu, ya Daktari Mukwege anayetibu waliobakwa, inapokea wanawake tangu 1999 na bado wanakuja mpaka leo. Na juu ya hapo 2025 Umoja wa Mataifa wakatangaza kupunguza kama robo ya walinda amani duniani, pesa hakuna. Ninachoogopa ni kwamba pesa zikipungua wanaoondolewa mapema ni wasaidizi wa jamii, wakalimani, washauri wa ulinzi wa wanawake, kwasababu hawabebi bunduki. Magari yatabaki, na yatapita barabarani kama yalivyopita Luvungi.

BARAKA: Basi wasikilizaji wa Beni, Lubero, Ituri, tutumieni voisi, doria zinapita kwenu saa ngapi, na kuna mwanamke wa kuongea naye au hakuna.

FURAHA: Ila tafadhali msitaje majina yenu wala kijiji. Na ukishatuma, ifute kwenye simu.