Woga Upo Mkononi, Dawa Ipo Mguuni

ZUHURA: Karibuni kwenye kipindi. Leo ni woga, na tunauangalia upande mmoja tu: woga wa mtu anayejifunza sarakasi za pikipiki, hasa kupiga wili, yaani kunyanyua tairi la mbele na kwenda na la nyuma peke yake. Niko na mwenzangu Kassim, ambaye kwa sasa anajifunza.

KASSIM: Asante, dada Zuhura. Niseme mapema, maneno ya "jikaze tu, wewe mwanamume" yananiudhi kweli. Woga ninaoupata tairi likiacha ardhi sikuuokota njiani. Una sababu zake.

ZUHURA: Unazo, na nataka tuzitaje. Tairi likinyanyuka unaogopa nini hasa?

KASSIM: Kupinduka kinyumenyume. Mimi chini, pikipiki juu yangu.

ZUHURA: Karibu kila anayeanza atakujibu hivyo, na hakosei, pikipiki hupinduka. Sasa niambie, sekunde hiyo hiyo mkono wako wa kulia unafanya nini?

KASSIM: Unashika kwa nguvu zote.

ZUHURA: Na mwili?

KASSIM: Unarudi nyuma.

ZUHURA: Basi tazama kinachotokea. Resi iko kwenye mkono huo uliokaza. Mwili ukirudi nyuma mikono inanyooka, kifundo cha mkono kinashuka, na kifundo hicho kikishuka resi inafunguka. Injini inaongeza nguvu, tairi la mbele linazidi kupanda, mwili unazidi kurudi nyuma, resi inazidi kufunguka. Ni kufumba na kufumbua. Aliyepinduka hivyo atakuapia kwamba pikipiki ilimkimbia, na anasema anachokijua, kwa sababu hakuhisi mkono wake ukizungusha kitu.

KASSIM: Kwa hiyo kinachonipindua ni ule woga wa kupinduka.

ZUHURA: Ndiyo. Na ndiyo maana "jikaze" ni ushauri wa hatari. Anayejikaza anakaza mpaka vidole.

KASSIM: Sawa, lakini nikishaogopa mkono hausikii. Nikiuambia legea, unakaza zaidi.

ZUHURA: Achana na mkono kwanza. Upe mwili njia ya kutokea, na njia hiyo iko mguuni: breki ya nyuma. Ukikanyaga breki ya nyuma wakati tairi la mbele liko hewani, tairi la nyuma linapunguza mwendo ghafla, na uzito wote wa pikipiki unasukumwa mbele. Pua inashuka. Inashuka hata kama imepanda kupita kiasi.

KASSIM: Na nikirudisha resi tu?

ZUHURA: Hapo ndipo wengi wanapopata matumaini yasiyo na msingi. Kuna pembe fulani ambapo pikipiki inasimama kwa mizani yake, haiangukii mbele wala nyuma. Kabla ya kufika hapo, ukirudisha resi tairi linashuka. Ukishapita hapo, uzito wenyewe unakuvuta nyuma, na kurudisha resi hakuwezi kutegemewa. Kinachobaki ni breki. Sasa fikiria mtu anayejifunza kwa resi peke yake. Mwili wake unajua kabisa kwamba kuna mahali akifika hana dawa. Kwa nini usiogope?

KASSIM: Unaogopa kwa haki.

ZUHURA: Kwa haki kabisa! Kwa hiyo mimi simwambii mtu ashinde woga. Namwambia aufundishe mguu mpaka ukanyage kabla kichwa hakijafikiri. Woga utapungua wenyewe mwili ukishaona kwamba dawa ipo na inafika kwa wakati.

KASSIM: Waeleze wasikilizaji zoezi lenyewe, maana ndilo lililonibadilisha.

ZUHURA: Zoezi halivutii macho, na watu hulikimbia kwa sababu hiyo. Uwanja mpana wa lami, uliofungwa, usio na magari wala watu wanaopita, na wenye uwanja wamekuruhusu. Sio barabarani, hata saa ambayo barabara ni tupu. Umevaa helmeti inayofunika kidevu, jaketi, glavu, viatu vya kufunika kifundo, kinga za magoti na mgongo. Unaingiza gia ya kwanza, mwendo mdogo, umekaa. Mguu wa kulia unawekwa juu ya pedali ya breki kabla ya kitu chochote kingine. Ukisahau mguu, hunyanyui.

KASSIM: Hilo la mguu kwanza linachosha. Unataka kuondoka, unakumbuka mguu, unaanza upya.

ZUHURA: Uanze upya, na usilione kuwa ni kupoteza muda. Halafu unavuta klachi kidogo kwa kidole kimoja au viwili, unaongeza resi kiasi, unaachia klachi kwa haraka. Tairi linaruka kidogo. Mara tu likiruka, gusa breki. Usisubiri lipande ndipo uone kama breki inafanya kazi. Liruke, gusa. Liruke, gusa. Urefu haukuhusu kabisa siku hizo.

KASSIM: Mwanzoni nilikanyaga kama nasimamisha lori. Tairi lilishuka kwa kishindo, kifua kikasogea mpaka karibu na tangi. Ajabu ni kwamba kishindo kile kilinituliza. Ndipo nilipoamini kwamba kumbe ninaweza kuishusha ninapotaka.

ZUHURA: Ulifanya vizuri, na usikilize, hiyo ni hatua yenyewe. Kwanza ujue breki inashusha. Baadaye ndiyo unajifunza kuigusa kidogo kidogo, ili pua ishuke taratibu na shokapu za mbele zisiumie.

KASSIM: Kuna wanaosema uanze kwa resi peke yake bila klachi, kwamba ni rahisi zaidi kwa mwoga.

ZUHURA: Inaonekana rahisi kwa sababu hakuna cha kuachia kwa ghafla. Lakini kwenye pikipiki nyingi, ili resi peke yake inyanyue tairi, lazima injini iwe inazunguka kwa kasi, na wewe uwe na mwendo mkubwa. Yaani unaruka pale ambapo injini ina nguvu nyingi na inajibu kwa ukali, halafu ukianguka unaanguka kwa mwendo. Klachi inatisha masikioni, ila inakuruhusu kujifunza polepole. Mimi nachagua klachi.

KASSIM: Tuzungumzie macho. Tairi likifika usawa wa goti langu, naapa huwa naona niko wima kabisa.

ZUHURA: Kila mtu. Mwili haujawahi kulala kwenye kiti hivyo, barabara inapotea nyuma ya mita, unaona anga tu. Ubongo unapiga king'ora mapema mno. Weka simu kwenye stendi pembeni, jirekodi kwa ubavu, kisha tazama ukiwa umekaa chini. Tofauti kati ya ulichohisi na kinachoonekana itakushangaza. Ukiona hivyo mara kadhaa, king'ora kinaanza kuchelewa kidogo.

KASSIM: Na kutazama wapi wakati wa kunyanyua?

ZUHURA: Mbele na mbali, na pua ikifunika barabara unatupa jicho pembeni yake. Ukitazama tairi unapoteza mizani. Ukitazama ukuta, unaufuata ukuta. Pikipiki huenda macho yanakokwenda, na mtu aliyeogopa hukodolea kile kile anachokiogopa, kwa hiyo chagua uwanja ambao hauna cha kukodolea.

KASSIM: Mimi bado nina hoja moja. Wenzetu wanaoifanya kazi hii hufunga kile chuma cha nyuma, pikipiki ikisimama wima kinagota chini, haipinduki. Kwa nini tusianze nacho, tukamaliza habari ya woga?

ZUHURA: Chuma kile ni kizuri, na kinga za pembeni zinazookoa injini pikipiki ikilala pia ni nzuri. Pikipiki za sarakasi zina mabadiliko mengi yenye maana. Sproketi ya nyuma, kwa mfano, yaani lile duara la meno linalovutwa na mnyororo. Pikipiki ya spoti yenye injini ya sisi (cc) 600 hutoka kiwandani na meno arobaini na kitu, wao wanaweka 60 hivi, ili ivute kwa nguvu kwenye mwendo mdogo. Wengine wanaongeza breki ya nyuma ya pili, ya mkono wa kushoto, ili waweze kusimama juu ya kiti na bado wawe na breki. Unaona lakini? Hata mabingwa, wanachoongeza ni breki.

KASSIM: Na chuma?

ZUHURA: Chuma kikigota kwa kishindo kinaweza kukurusha, au kuirudisha pikipiki mbele kwa ukali. Na aliyeanza na chuma hujifunza kukitegemea, mguu wake unabaki mjinga. Siku akipanda pikipiki isiyo nacho anaenda nayo nyuma.

KASSIM: Hapo sikubali moja kwa moja. Mimi naona kinaweza kumpa mtu utulivu wa kufika kwenye ile pembe ya mizani, ambako vinginevyo asingethubutu.

ZUHURA: Kwa aliyekwisha kufundisha mguu, sawa. Nakubali. Kwa utaratibu huo, siyo kinyume.

KASSIM: Haya. Kuna jambo nililisoma nikalifikiria siku nyingi. Doug Domokos, Mmarekani, mwaka 1984 alikwenda na tairi la nyuma peke yake maili 145 bila kushusha, kwenye uwanja wa mbio wa Talladega, Alabama. Hizo ni kilomita zaidi ya 230. Kisha mwaka 1991 Mjapani Yasuyuki Kudo akaenda kilomita 331 kule Tsukuba, Japani, kwenye Honda TLM220R.

ZUHURA: Na unajua kwa nini hao ni somo la woga? Hakuna mikono ya binadamu inayoweza kukaza mshiko kwa umbali huo. Hakuna. Misuli ya mkono wa mwanafunzi inaungua baada ya muda mfupi tu. Maana yake watu wale hawakuwa wameibeba pikipiki. Ilikuwa imesimama kwenye mizani yake, na wao wanaisahihisha kidogo kwa resi na breki. Kule juu, mahali unapopaogopa kuliko pote, ndipo pikipiki inapodai nguvu ndogo kuliko kwingine kote.

KASSIM: Hiyo ni habari njema ninayopenda kuisikia tena.

ZUHURA: Na ile TLM ni pikipiki ya mashindano ya kupita juu ya mawe na magogo bila kukanyaga chini. Mchezo wa polepole, mizani tupu. Chris Pfeiffer, yule Mjerumani aliyekuwa bingwa wa dunia wa sarakasi mara nne, aliyefariki mwaka 2022, naye alitokea kwenye mchezo huo huo. Ukitaka kupunguza woga wa mwendo, nenda ukakae na klachi na breki kwenye mwendo wa mtu anayetembea. Zunguka duara dogo, simama bila kutua mguu, geuka ndani ya nafasi finyu. Wengi hawalipi zoezi hilo uzito.

KASSIM: Dada, kuna woga ambao mtu anapaswa kuusikiliza na kuondoka uwanjani?

ZUHURA: Upo, na nausisitiza. Pedali ya breki ya nyuma ikianza kuwa laini mguuni, au unakanyaga zaidi kupata kile kile, breki imepata moto. Simama, iache ipoe. Dawa yako ndiyo hiyo, huwezi kuendelea bila dawa. Injini nayo: pikipiki ikisimama kwa tairi la nyuma, oili inakimbilia nyuma, na kwenye baadhi ya injini pampu inaweza kunyonya hewa. Angalia kiwango chake kila siku ya mazoezi. Na vidole vikianza kuchelewa kuachia klachi, siku imekwisha, hata kama jua bado liko juu.

KASSIM: Na woga wa watu? Maana mimi uwanjani nikiwa peke yangu na mwalimu niko sawa. Wakija vijana na simu zao, naharibikiwa.

ZUHURA: Wakija, pumzika. Au fanya mazoezi ambayo tayari unayaweza. Hakuna kupanda daraja mbele ya kamera. Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu vijana wanaumia wakitafuta dakika moja ya video, na wanaowashangilia hawawafuati hospitalini.

KASSIM: Swali la mwisho, na ni la wengi. Aliyeanguka, amepona, daktari amemruhusu, lakini akisogea kwenye pikipiki mikono inatetemeka.

ZUHURA: Kwanza ajue pikipiki ilikuwa wapi ilipoanza kumshinda. Mguu ulikuwa kwenye breki? Resi ilifunguka? Pengine breki ilikuwa imepoteza nguvu kwa moto. Asiyejua sababu ataogopa kila kitu, na anayeijua ataogopa kitu kimoja. Kisha asirudi pale alipoishia. Arudi kwenye liruke, gusa. Urefu wa kiganja. Siku ya kwanza hata asinyanyue, aendeshe tu uwanjani na mguu juu ya pedali, asikie breki inavyoshika. Ashushe pumzi kabla ya kuachia klachi, maana mtu aliyebana pumzi amebana na mabega. Mwalimu asimame pembeni, sio mbele yake, na asipige kelele.

KASSIM: Na akiona bado hawezi?

ZUHURA: Azime, avue glavu, aende nyumbani. Kesho pikipiki ipo. Na kama ataamua asirudi tena kabisa, huyo naye ni mwendeshaji, tusimwonee.

KASSIM: Wiki ijayo tunaingia kwenye kunyanyua tairi la nyuma kwa breki ya mbele, na huko woga unahamia upande mwingine kabisa. Mwenye swali atutumie mapema, na atuambie anafanyia mazoezi kwenye pikipiki ya aina gani, ili dada Zuhura ajibu kwa uhakika.

ZUHURA: Na hali ya pedi zake za breki ya nyuma. Nitauliza.