Kompaila ya bure kwa anayeanza kujifunza C: kuichagua, kuisakinisha na kuijaribu

Karibuni. Leo tunachagua kompaila ya C, tunaisakinisha, kisha tunaendesha programu ya kwanza. Hulipi kitu. Kompaila hizi za bure ndizo zinazotumiwa hata na wataalamu.

Kabla ya kupakua chochote, tutenganishe vitu viwili. Kihariri ni mahali unapoandika msimbo. Kompaila ndiyo inayousoma msimbo huo na kuugeuza kuwa faili ambalo kompyuta inaweza kuliendesha. Visual Studio Code ni kihariri; ukiisakinisha peke yake utaandika C kutwa nzima na hakuna kitakachoendeshwa. Code::Blocks nayo ni kihariri chenye vitufe vya kuita kompaila. Kwa Windows ina vifurushi vyenye kompaila ndani na visivyo nayo, kwa hiyo chukua faili la kusakinisha lenye neno mingw (kompaila ya GCC kwa Windows) katika jina lake. Anayekosea hapo hukutana na ujumbe kwamba kompaila haikuonekana.

Kompaila zenyewe, majina mawili yanatosha: GCC, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1987 na ingali inaboreshwa, na Clang. Usiumize kichwa kuzilinganisha. Chukua iliyo rahisi kupata kwenye mfumo wako. Ila Turbo C++ iache. Mafunzo ya zamani bado yanaitumia, lakini ni ya enzi za DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows. Kwenye Windows ya biti 64 haifunguki bila programu ya kuigiza DOS, na inakuzoesha mambo kama kuandika void main badala ya int main, ambayo itabidi uyasahau baadaye.

Wa Ubuntu au Debian, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike:

sudo apt install build-essential

Wa Mac:

xcode-select --install

Kwenye Mac, ukiita gcc utajibiwa na Clang. Si kosa, Apple wameiweka hivyo. Mwenye simu ya Android tu anaweza kutumia Termux, programu inayokupa terminali kwenye simu, kwa amri pkg install clang.

Windows ina hatua zaidi. Pakua MSYS2, mkusanyiko wa zana unaoleta GCC kwenye Windows, kutoka msys2.org, uiache isakinishwe ndani ya C:\msys64. Kwenye menyu ya Start fungua dirisha linaloitwa UCRT64, siyo yale mengine yenye majina yanayofanana, kisha andika:

pacman -S mingw-w64-ucrt-x86_64-gcc

Ukiulizwa, bonyeza Y. Sasa Windows haijui bado kompaila iko wapi. Tafuta Environment Variables kwenye Start, chagua Path (orodha ya folda ambamo Windows hutafuta programu), bofya Edit, halafu New, uongeze C:\msys64\ucrt64\bin. Funga madirisha yote ya amri na ufungue jipya, maana lililokuwa wazi linaendelea kushika Path ya zamani. Hapa ndipo wengi hukwama, wakadhani usakinishaji umeharibika.

Hakikisha kwa gcc --version. Ukiona namba ya toleo, tuendelee. Ukiambiwa amri haitambuliki, rudi kwenye Path.

Andika haya, uyahifadhi kwa jina salamu.c:

#include <stdio.h>

int main(void) {
    int umri;
    printf("Una miaka mingapi? ");
    scanf("%d", &umri);
    printf("Mwakani utatimiza %d.\n", umri + 1);
    return 0;
}

Notepad hupenda kubandika .txt mwishoni, faili likawa salamu.c.txt na kompaila ikalalamika kwamba halipo. Unapohifadhi, chagua All files.

Ingia kwa cd (amri ya kuhamia folda) kwenye folda yenye faili, kisha:

gcc -Wall -Wextra -g salamu.c -o salamu

-Wall na -Wextra zinaomba maonyo, -g inaongeza taarifa za kutafutia makosa, na -o inataja jina la faili litakalotoka. Ikinyamaza, imefaulu. Endesha kwa ./salamu, au .\salamu.exe kwenye Windows. Usiibofye mara mbili: dirisha litajifunga programu ikiisha, kabla hujasoma jibu.

Sasa tuiharibu makusudi. Futa nukta mkato baada ya printf ya kwanza, kompaili tena. Ujumbe unaanza na jina la faili, namba ya mstari, na nafasi ndani ya mstari. Tazama mstari uliotajwa pamoja na ulio juu yake, kwa sababu baadhi ya matoleo hugundua upungufu yakishafika mstari unaofuata. Makosa yakiwa ishirini, rekebisha la kwanza tu, kompaili tena. Mengi ya yaliyobaki huwa yamezaliwa na hilo.

Rudisha nukta mkato, kisha ondoa alama ya & kwenye scanf. Hili ni kosa la hatari zaidi, kwa sababu programu inaweza kukompailiwa vizuri, halafu ikaanguka pale unapoingiza umri. -Wall ndiyo inayokuamsha: utaonywa kwamba %d ilitarajia int * ikapewa int, yaani scanf inataka anwani ya kuweka jibu, nawe umeipa thamani iliyomo. Irudishe &, kompaili, na onyo halitaonekana tena.