Hitilafu Hupangwa kwa Ajili ya Mdakaji
(Mhadhara uliotolewa Kampala kwa waandishi wa programu)

Ndugu zangu, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na nitalisema tena kwa kuwa bado naletewa programu zinazolikaidi: ukoo wa hitilafu, yaani mpangilio wa aina za makosa ya programu kama mababu na wajukuu, hupangwa kwa ajili ya atakayeidaka hitilafu, yaani sehemu ya programu inayoishughulikia, si kwa ajili ya moduli, yaani sehemu, iliyoirusha, yaani iliyotangaza kuwa imeshindwa.

Tazameni Python, lugha ya kuandikia programu. Hadi toleo la 3.2, kushindwa kufungua faili kulirusha IOError, kushindwa kulifuta kukarusha OSError, na mtandao ulikuwa na socket.error yake. Mdakaji alilazimika kuchungulia errno, namba ya kosa itokayo kwenye mfumo wa kompyuta, 2 ikiwa faili halipo, 13 ikiwa ruhusa imekosekana. Mwaka 2012, toleo la 3.3 liliziunganisha chini ya OSError, na humo zikazaliwa FileNotFoundError, PermissionError, TimeoutError na nyinginezo. Sasa jina lenyewe linaelekeza: faili lisilokuwepo huenda likaundwa, lakini penye kukosa ruhusa, kujaribu tena na tena ni kumaliza chaji bure.

Najua kuna atakayesema, "Mimi nadaka Exception yote, yaishe," yaani babu wa karibu hitilafu zote. Haya. Niliwahi kuletewa programu ya kulipia karo kwa simu iliyoandikwa hivyo hivyo. Jibu likichelewa, ilimwandikia mzazi "Malipo yameshindikana, jaribu tena", ilhali muda kuisha si kukataliwa, na huenda shilingi zake zilikuwa zimeshakatwa. Ilipaswa kwanza kuulizia hali ya muamala kwa namba yake. Kibaya zaidi, mwandishi alikuwa amekosea jina la kigeu, na NameError hiyo ikanaswa papo hapo, mzazi akaambiwa mtandao ni mbovu! Ndiyo maana TimeoutError na NameError haziwezi kutendewa sawa, hata kama zote zina babu mmoja.

Kwa hoja hiyo hiyo, Python 2.5 ilileta BaseException, babu aliye juu ya Exception, ikaziweka KeyboardInterrupt (mtumiaji anapoikatiza programu kwa kibodi) na SystemExit (programu inapoombwa kufunga) nje ya Exception, ili anayetaka kuizima programu asizuiwe na mdakaji mwenye pupa.

Java, lugha nyingine ya programu, niliiandalia nusu saa, nami nimebakiwa na dakika chache. Ililazimisha hitilafu kama IOException zidakwe au zitangazwe, na wengi wakajibu kwa vitalu vya catch, yaani vya kudakia, visivyo na kitu ndani. Toleo la 8, mwaka 2014, likaongeza UncheckedIOException, isiyo na sharti hilo. Lugha za Go na Rust tuziache. Karibuni kwa maswali, na anayetaka kutetea "except:" tupu, ile ya Python inayodaka kila hitilafu bila kutaja jina, apewe kipaza sauti kwanza.