Mgeni Hakuanguka kwa Aibu

(Mhadhara kwa waongoza watalii, walimu na wafanyakazi wa hoteli, Ngome ya Lamu)

Assalaam aleykum, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi wanangu mliokaa nyuma karibu na mlango mkidhani sitawaona.

Aliyenikaribisha amesema nitazungumzia Kiingereza. Kiingereza chote nikimalize lini? Nimekuja na neno moja, tena kielezi, na walionisikia siku za nyuma wanalijua: awkwardly. Okwadli. Naam, chekeni. Hata kuliandika ni taabu, w imebanwa na k, kisha w nyingine.

Kila nikiuliza maana yake naletewa jibu moja la mkato: "kwa aibu." Mtu kalitoa kwenye simu, kamwambia mwenzake, mwenzake kamwambia mwanafunzi. Sasa nisikilizeni niwaeleze lilivyofika gatini.

Hoteli moja, jina naliacha, ilipata mgeni aliyeumia akishuka kutoka mashuani. Mnazijua siku za bamvua maji yakishatoka: ngazi ya gati inabaki juu, vidato vya chini vina utelezi, na mashua haitulii. Mama wa watu katoa mguu, mashua ikasogea, akatua na kifundo cha mguu kikapinda. Meneja akaandika taarifa kwa Kiingereza. Kaandika vizuri tu, kwamba mgeni "stepped out awkwardly" na kwamba "fell awkwardly". Ikatakiwa tafsiri, maana nahodha lazima aisome naye atie sahihi. Akapewa kijana wa mapokezi, kijana mwema, mwenye cheti. Akaandika: "Mgeni aliteremka kwa aibu, kisha akaanguka kwa aibu."

Nahodha akaisoma. Akairudia. Akauliza, "Aibu ya nini? Kwani alikuwa hana nguo?" Akakataa katakata kutia sahihi. Yeye ni mtu mzima, ana wake na wajukuu, hatii jina lake kwenye karatasi inayosema mashuani mwake kulitendeka jambo la aibu. Wakaitwa wazee wawili. Mmoja akashauri yule mama aulizwe kwa upole alikuwa akifanya nini. Mwengine akasema asiulizwe, asitiriwe. Meneja naye hajui kinachoendelea, anaona watu wanamwangalia mgeni wake kwa huruma isiyohusu mguu. Karatasi ikaletwa kwangu alasiri. Nikafuta "kwa aibu" mbili, nikaandika "alikanyaga vibaya" na "akaangukia mguu vibaya". Nahodha akatia sahihi papo hapo.

Najua kuna mwalimu hapa ananiwazia: mbona siku za nyuma "vibaya" nayo ulitukataza? Sikuikataza. Kwa kiungo na mwili, "vibaya" ni mahali pake. Mtangazaji wa mpira akisema mchezaji katua awkwardly, basi katua vibaya, na daktari aingie uwanjani. Shida ni mnapoichukua "vibaya" hiyohiyo mkaitia kwa mtu aliyetabasamu. "Alitabasamu vibaya." Huyo ni mchawi au ana jino bovu?

Neno awkwardly lenyewe ni la kale. Ile awk ilitoka kwa watu wa Skandinavia, maana yake kilichogeuzwa upande usio wake, na -ward ndiyo ile mnayoijua kwenye forward na backward. Katika karne ya 14 lilikuwa na maana ya kuelekea upande usiofaa, kama kanzu iliyovaliwa nyuma mbele. Hiyo awk ilihusishwa na mkono wa kushoto pia. Wafaransa nao gauche yao ni kushoto, na ndilo neno lao kwa mtu asiyejua kujiweka mbele za watu. Msiwacheke. Sisi mkono mmoja tumeuita wa kulia, na wazee wakauita wa kuume. Wa pili wakauita wa kike. Akina mama msinitazame hivyo, mimi nimeukuta.

Basi mkitaka kulifasiri, ulizeni kwanza: ni nini hapa kilichokwenda upande? Ni mwili? Ni mambo baina ya watu? Ni kitu kilivyowekwa? Au ni maneno?

Linalowashinda ni hilo la baina ya watu, na ndilo lililonitoa nyumbani. Mgeni anaongozwa kwenye mojawapo ya majumba yetu ya mawe. Anafika dakani, pale ukumbini pa kuingilia, mwenye nyumba mwanamke anatokea mlangoni, mgeni ananyoosha mkono amsalimie. Bibi hapeani mkono na mwanamume asiye maharimu wake. Anaweka kiganja kifuani, anatabasamu, anamkaribisha. Mkono wa mgeni umebaki hewani. Ataufanya nini? Anaurudisha kichwani, anajikuna pasipowasha.

Hiyo ndiyo awkwardly. Niambieni, nani hapo kakosa? Hakuna. Aibu ina kosa ndani yake, au fedheha, na huwafika hata jamaa zako. Haya nayo ni sifa njema, tumefundishwa kuwa ni katika imani. Bibi ana haya, na hakubabaika hata kidogo. Aliyebabaika ni mgeni, ambaye wala hana haya nyingi wala hakutenda la aibu. Soni inakaribia, nakubali. Lakini mtu wa soni huwa nayo popote aendako. Huyu mgeni huenda kwao ni msemaji wa mikutano. Awkwardly imo katika tukio, na asiye na soni hata tone anaweza kusimama awkwardly.

"Basi, mwalimu, Kiswahili hakina neno!" Nimelingoja hilo, kila mara halikosi. Mnatafuta kielezi kimoja cha kupachika mwishoni kwa sababu Kiingereza kimefanya hivyo. Kiingereza hukitoa kitenzi kitupu, kisha kikatafuta kielezi cha kukivisha. Chetu hutoka nyumbani kimeshavaa. Mtu kacheka awkwardly: kajichekesha. Kasema awkwardly: kajiumauma. Kajibu awkwardly: kababaika. Kaingia mkutanoni awkwardly, watu wote wakageuka: katahayari. Kasimama awkwardly: kasimama hajui mikono aitie wapi. Sentensi ndefu zaidi? Na iwe ndefu. Hamlipii kwa neno.

Na ukienda kinyume, kutoka kwetu kwenda kwao, usiseme clumsily kila mahali. Hiyo ni ya mwili na mikono, mtu anayemwaga chai. Kimya hakiwi clumsily. Lakini kimya kinaweza kuwa awkwardly kirefu, kama pale mgeni anapouliza bei ya punda kisha akauliza bei ya mke. Limeshaulizwa hilo, msijifanye hamkusikia.

Sasa naona naashiriwa saa. Haraka basi. Kitu kilivyowekwa: nguzo iliyo katikati ya njia nyembamba, punda wawili wenye mizigo hawapishani. Imewekwa awkwardly, yaani pasipofaa, na kwa Kiingereza kielezi hapo mara nyingi hutangulia: awkwardly placed. Maneno: sentensi iliyoandikwa awkwardly ni sentensi isiyokaa. Mnazo nyingi kwenye mabango ya hoteli, nitawaletea picha siku nyingine.

La tano ni lile la mwanzo wa sentensi, likifuatwa na mkato. Hapo halisemi jambo lilitendeka vipi. Ni msemaji anatoa maoni yake, kwamba hali yenyewe ina uzito. Awkwardly, mwenye deni alikuwa ameketi safu ya mbele. Hakuketi vibaya, kaketi vizuri sana, kakunja na mguu. Tunasema, "Tatizo ni kwamba mwenye deni alikuwa safu ya mbele." Hilo lataka saa nzima, na "awkwardly for", yaani jambo linapomweka fulani pabaya, sikuigusa, maana adhana i karibu na mimi sina mazoea ya kushindana na muadhini. Mwenye swali anikute barazani baada ya swala, ila asiniulize kama "kwa aibu" inaweza kupita mtihanini. Haipiti.