Farasi wa Gari la Maiti na Kukenua Kwake

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Jioni hii nina mstari mmoja tu wa kuwasumbua nao. Mwaka 1920 Carl Sandburg, mshairi wa Marekani, alichapisha shairi linalowasema mawakili, na mwishoni akauliza: kwa nini farasi wa gari la maiti hucheka anapomkokota wakili? Mawakili mliomo humu mtanisamehe. Mimi ni mtafsiri tu, ujumbe si wangu.

Hilo "hucheka" limeninyima usingizi. Neno alilolitumia mshairi kwa Kiingereza linashika mambo mawili, kicheko cha mtu anayejizuia na sauti ya farasi puani. Kiswahili hakina neno la namna hiyo. Farasi kwetu hulia. Nikiandika kwamba analia, msomaji atadhani naye kafiwa. Nikisema anacheka, nimeshampoteza farasi, kabaki mtu. Nimeishia kwenye "anakenua". Farasi hukenua kwelikweli, mdomo wa juu unapanda, meno yote nje. Na sisi tukisema fulani anakenua, mnajua hatumsifu.

Lakini kwa nini akenue farasi, asikenue kuli wa makaburini? Hapa lazima tumwone farasi mwenyewe. London ya enzi za Malkia Victoria, mazishi ya wenye nazo yalitaka farasi weusi tititi, walioagizwa kutoka nchi za Ubelgiji na Uholanzi. Mgongoni walitandikwa mahameli nyeusi, kichwani wakasimikwa manyoya ya mbuni. Watu waliosimama njiani walihesabu farasi na manyoya, wakajua marehemu aliacha nini. Mnyama kavishwa msiba wa mtu asiyemjua, na kesho atavishwa wa mwingine. Kwetu jeneza huenda mabegani, watu wakipokezana, hata mpita njia hutia bega kwa kutaka thawabu. Farasi hana thawabu anayoitaka. Ndiyo maana tashihisi hii, yaani kumpa mnyama tabia za mtu, inauma kuliko nyingi tunazofundisha darasani: ubinadamu wenye mazishi walishampa zamani, pamoja na mahameli. Sandburg alichofanya ni kumwacha ajisahau kidogo, sura ya msiba ikamtoka.

Na farasi aliwajua. Aliacha shule akiwa mtoto, pale Galesburg, Illinois, akaendesha gari la kusambaza maziwa. Aliyekaa nyuma ya farasi alfajiri hahitaji kuhadithiwa sauti za pua zao.

Kuna siku farasi waligoma kabisa. Tarehe 2 Februari 1901, mjini Windsor, jeneza la Malkia Victoria liliwekwa juu ya kigari cha mzinga. Farasi walikuwa wamesimama kwenye baridi muda mrefu. Kuambiwa waondoke, wakaleta vurugu, vifaa vya kuvutia vikakatika. Mabaharia waliokuwapo wakashika kamba, wakalivuta wao. Ajali hiyo ikageuka desturi: mwaka 2022 Malkia Elizabeth alivutwa na mabaharia 142. Sijaona mshairi aliyeitumia siku ile ipasavyo, nami naona ni hasara.

Sasa nimgeukie Emily Dickinson, mshairi mwingine wa Marekani, ambaye kwa kweli ndiye nimpendaye zaidi. Katika shairi lake lililochapwa mwaka 1890, miaka minne baada ya kufa kwake, Mauti ni bwana mstaarabu anayempitia na gari lake. Wanapita shule, wanapita mashamba, jua linawapita wao. Farasi hawatajwi hata kidogo mpaka mistari miwili ya mwisho kabisa, na hapo wanatajwa vichwa tu: vilikuwa vimeelekea umilele. Hawakenui, hawalii. Ni uelekeo wa vichwa uliomjulisha abiria kwamba safari hii haina kurudi, na tangu siku hiyo karne zimekwisha kupita.

Ungedhani mwanamke huyo alizikwa kwa farasi. Alipofariki mwaka 1886 kule Amherst, Massachusetts, alikuwa ameacha maagizo yake. Wanaume sita wa Kiayalandi, waliokuwa vibarua wa nyumba yao, walilinyanyua jeneza, wakatoka kwa mlango wa nyuma, wakazunguka bustani yake ya maua, wakapenya katikati ya banda, wakakata shamba kwa miguu hadi makaburini.