RSI ya 78 Isiyosogea: Hisa Inaposemekana Imenunuliwa Kupita Kiasi

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunaanza na ujumbe wa msikilizaji aliyeko Mwanza, ambaye hununua hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam na huchora chati zake mwenyewe kwenye kompyuta. Anasema hisa mojawapo anayoimiliki imekuwa na RSI, kile kipimo cha kasi ya bei kinachokwenda kutoka 0 hadi 100, ya 78 kwa wiki tatu mfululizo. Amesoma kwamba RSI ikivuka 70 hisa huwa imenunuliwa kupita kiasi, na ikishuka chini ya 30 huwa imeuzwa kupita kiasi. Anauliza kama auze. Kaka Juma, ungemjibu nini?

JUMA: Asante, dada Rehema. Kabla sijamjibu, ningependa tuifungue hiyo 78 tuone ndani yake kuna nini, kwa sababu wengi wetu huisoma RSI kama daktari anavyosoma kipimajoto: ikivuka alama fulani, basi mgonjwa ana homa. Aliyeibuni, J. Welles Wilder, alikuwa mhandisi wa mitambo kabla ya kuingia katika biashara ya masoko, na alipoichapisha mwaka 1978 watu walikuwa wakiikokotoa kwa kikokotoo cha mkononi. Kwa hiyo hesabu yenyewe ni nyepesi. Unachukua siku 14, unajumlisha kiasi ambacho bei ya kufunga ilipanda katika siku za kupanda, na unajumlisha kando kiasi ilichoshuka katika siku za kushuka.

REHEMA: Tupe tarakimu, tafadhali.

JUMA: Chukua hisa ambayo katika siku 14 ilipanda jumla ya shilingi 7 na kushuka jumla ya shilingi 2. Mwendo wote ni shilingi 9, na kati ya hizo 7 ni za kupanda. Gawanya 7 kwa 9, zidisha kwa 100, unapata 77.8. Hiyo ndiyo 78 ya msikilizaji wetu. Fomula iliyoandikwa vitabuni inaonekana ngumu zaidi, lakini ukiikunjua inakuja kuwa hivyo hivyo: sehemu ya mwendo wote iliyokwenda juu.

REHEMA: Kumbe ndani yake hakuna mahali popote palipoulizwa kama kampuni inapata faida, inalipa gawio, au inauzwa kwa bei inayolingana na mali zake.

JUMA: Hakuna kabisa, na hapo ndipo jina lenyewe linapotupotosha. Tukisema "imenunuliwa kupita kiasi", msikilizaji anaelewa kwamba hisa imekuwa ghali. RSI haijui ghali wala rahisi. Inafanana zaidi na kipimamwendo cha basi: inakuambia basi linakwenda kasi, haikuambii kituo kiko umbali gani. Basi linaloshuka mlima Kitonga linaweza kwenda kasi kwa muda mrefu, na abiria aliyedhani litasimama wakati wowote akabaki ameshika begi lake mlangoni.

REHEMA: Je, vipimo vingine vinatofautiana na hiki? Ninafikiria ile stokastiki ya George Lane na mistari ya Bollinger.

JUMA: Vinatofautiana kwa njia ya kupima, ila swali ni lile lile. Stokastiki inaangalia bei ya kufunga imekaa wapi kati ya bei ya chini kabisa na ya juu kabisa ya kipindi kilichopita. Kama katika siku 14 hisa imecheza kati ya shilingi 20 na 25, na leo imefunga 24.50, basi iko kwenye asilimia 90 ya ngazi hiyo, na kwa kawaida tunahesabu juu ya 80 kuwa imenunuliwa kupita kiasi na chini ya 20 kuwa imeuzwa kupita kiasi. Mistari ya John Bollinger huchorwa juu na chini ya wastani wa bei wa siku 20, kwa umbali unaopanuka bei inapotawanyika na kubanika bei inapotulia. Watu wengi huuza bei inapogusa mstari wa juu, ilhali Bollinger mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba kugusa mstari ni kugusa tu, hakujawa ishara ya kuuza wala kununua.

REHEMA: Basi twende kwenye soko lenyewe. Uliniambia kabla ya kurekodi kwamba wewe ulifundishwa jambo hili na Machi ya 2020.

JUMA: Nilifundishwa, tena kwa akaunti ya majaribio, namshukuru Mungu. Fahirisi ya S&P 500 ya Marekani, yaani kipimo cha pamoja cha bei za hisa za kampuni kubwa takriban 500, ilifunga 3,386 tarehe 19 Februari 2020. Kisha zikaja habari za kusambaa kwa korona, na kufikia Ijumaa tarehe 28 Februari ilikuwa 2,954. RSI ya siku 14 ilikuwa imeshuka chini sana ya 30, karibu na 20. Nikajiambia, soko limeuzwa kupita kiasi, hapa ndipo pa kununua. Nikanunua. Jumatatu iliyofuata fahirisi ilipanda kwa zaidi ya pointi 130, na nikajiona bingwa.

REHEMA: Halafu?

JUMA: Halafu tarehe 9 Machi ikafunga 2,747. Wiki hiyo na iliyofuata biashara ilisimamishwa mara nne, tarehe 9, 12, 16 na 18, kwa sababu kanuni za soko la Marekani zinataka biashara isimame kwa dakika 15 fahirisi inapoporomoka kwa asilimia 7. Mwisho wa kushuka ulikuwa tarehe 23 Machi, kwa 2,237. Aliyenunua pamoja nami tarehe 28 Februari, kwa sababu tu RSI ilikuwa chini ya 30, alishuhudia karibu robo ya fedha zake ikiyeyuka ndani ya wiki tatu na ushee.

REHEMA: Lakini kuna watakaokuambia, kaka Juma, kwamba ulipaswa kusubiri kuachana kwa bei na kiashiria: bei iweke bonde jipya lililo chini zaidi, huku RSI ikikataa kushuka pamoja nayo. Hilo husemekana kuonyesha kwamba wauzaji wanaishiwa nguvu.

JUMA: Na kuachana huko kulikuwepo, ndiyo sababu ninaupenda mfano huu. Tarehe 23 Machi bei ilikuwa chini kwa asilimia 24 kuliko ile ya 28 Februari, lakini RSI ilikuwa karibu na 30, yaani juu kuliko siku ile. Ukiitazama chati hiyo leo, utasema mwalimu aliichora kwa ajili ya darasa. Tatizo ni kwamba kuachana huko huko kulionekana tangu tarehe 9 Machi, bei ikiwa 2,747, na kutoka hapo soko lilikuwa na zaidi ya asilimia 18 nyingine za kushuka. Kukaonekana tena tarehe 12, na tena tarehe 16. Anayekuonyesha chati iliyokwisha huweka mshale kwenye ile ya mwisho tu, na zile tatu za kabla yake huziacha bila mshale.

REHEMA: Nimewahi kuwaona hao mitandaoni, na wengi wao wanauza kozi.

JUMA: Tuwaache na kozi zao. Upande wa juu nao una visa vyake. Januari 2018 RSI ya fahirisi hiyo hiyo ilikaa juu ya 70 karibu mwezi mzima, ikapita hata 80, na bei ikaendelea kupanda hadi 2,873 tarehe 26. Baada ya hapo ikaanguka kwa asilimia 10 hadi tarehe 8 Februari. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kiashiria kilidanganya. Kilisema kweli kwamba kasi ilikuwa kubwa kupita kawaida. Kilichokosekana ni tarehe, na tarehe hakijawahi kuahidi kuitoa.

REHEMA: Kama ndivyo, mtu atumieje alama za 70 na 30? Au azitupe?

JUMA: Asizitupe, ila aanze kwa kuuliza mwelekeo mkubwa ni upi. Mimi hutazama wastani wa bei wa siku 200: bei iko juu yake au chini yake, na wastani wenyewe unainuka au unainama? Andrew Cardwell, aliyeishughulikia RSI kwa miaka mingi, aliona kwamba katika soko linalopanda RSI huzunguka takriban kati ya 40 na 80, na katika soko linaloshuka huzunguka kati ya 20 na 60. Maana yake ni kwamba katika soko linalopanda, RSI ikirudi 40 na kuinuka tena huwa ni jambo la kuzingatia, wakati 75 ni hali ya kila siku. Katika soko linaloshuka mambo yanageuka, na 30 haina uzito ule tunaoupa. Fikiria hisa za Safaricom pale Nairobi, zilizofika karibu shilingi 45 za Kenya mwaka 2021 na kushuka chini ya 15 mwaka 2023. Katika safari ndefu namna hiyo, kununua kila RSI inapogusa 30 ni kudaka kisu kinachoanguka, ngazi baada ya ngazi.

REHEMA: Na soko lisilo na mwelekeo, linalokwenda juu na kurudi chini?

JUMA: Hilo ndilo nyumbani kwa vipimo hivi. Hapo 70 na 30 hufanya kazi vizuri, mpaka siku soko linapochagua upande.

REHEMA: Sasa tumrudie ndugu yetu wa Mwanza, maana ameshasubiri vya kutosha. RSI 78, wiki tatu.

JUMA: Maneno yaliyonishtua katika ujumbe wake si 78, ni hayo ya "wiki tatu mfululizo". RSI ya hisa inayouzwa kila siku haitulii hivyo. Rudi kwenye mfano wetu, ugawanye zile shilingi 7 na 2 kwa siku 14: wastani wa kupanda ni senti 50 kwa siku, wastani wa kushuka ni senti 14 hivi. Wilder alielekeza kwamba baada ya siku 14 za mwanzo, kila siku mpya uzidishe wastani wa jana kwa 13, uongeze mwendo wa leo, kisha ugawanye kwa 14. Hisa ikishuka kwa shilingi 1 kesho, RSI inatoka 77.8 hadi 69.5. Siku moja tu, na tayari imetoka katika eneo la kununuliwa kupita kiasi.

REHEMA: Na kama kesho bei haikusogea?

JUMA: Hapo unaongeza sifuri pande zote mbili. Wastani wa kupanda na wa kushuka vyote vinapungua kwa kiwango kile kile, na uwiano wao haubadiliki. RSI inabaki 77.8. Keshokutwa bei isiposogea, 77.8. Mwezi mzima, 77.8.

REHEMA: Kwa hiyo hisa yake haijanunuliwa kupita kiasi. Imelala.

JUMA: Kwa dalili alizotupa, imelala. Dar es Salaam tuna hisa kadhaa ambazo zinaweza kupita siku nyingi bila bei ya kufunga kubadilika, na nyingine hubadilika kwa sababu ya muamala mmoja wa hisa chache. Fikiria hisa iliyosimama siku 13 na kupanda shilingi 5 siku ya 14: RSI yake ya kwanza ni 100 kamili, soko zima likiwa na mnunuzi mmoja. Ningemwomba afungue taarifa ya kila siku ya soko, aangalie safu ya idadi ya hisa zilizobadilisha mikono katika hizo wiki tatu, kisha ampigie simu dalali wake amuulize ni oda ngapi za kununua zilizopo kwenye foleni, na kwa bei gani.

REHEMA: Na kama foleni ya wanunuzi haina mtu?

JUMA: Basi swali lake la kama auze linabadilika, linakuwa atamuuzia nani.