Gaston Monnerville: Mjukuu wa Mtumwa Aliyemkatalia de Gaulle

Wazee wangu, ndugu zangu, na ninyi wanafunzi mliokubali kukaa hadi kwenye ngazi, karibuni.

Nianze na neno moja la Kifaransa: forfaiture. Ni neno la wanasheria, nalo ni kosa la mwenye madaraka anayevunja kwa makusudi wajibu aliokabidhiwa. Tarehe 30 Septemba 1962, katika mkutano wa chama chake mjini Vichy, Rais wa Seneti ya Ufaransa alilitamka hadharani dhidi ya serikali ya Jenerali Charles de Gaulle, rais wa nchi. Ufaransa nzima ilishtuka. Aliyelitamka alikuwa mtu mweusi kutoka Cayenne, aitwaye Gaston Monnerville.

Alizaliwa huko, Guyana ya Kifaransa, koloni la Ufaransa huko Amerika Kusini, mwaka 1897. Babu yake alikuwa mtumwa. Likumbukeni hilo, kwa sababu bila hilo hamtamwelewa. Ukoo wake haukupata uhuru kwa hisani ya bwana fulani. Ulipata kwa amri ya Jamhuri, tarehe 27 Aprili 1848. Kwake yeye sheria ndiyo iliyofungua minyororo.

Mwaka 1912 alipata ufadhili wa masomo akavuka Atlantiki kwenda Toulouse, kijana wa miaka 15. Akasoma sheria hadi udaktari, kisha akawa wakili Paris.

Kesi iliyomtoa ilisikilizwa Nantes mwaka 1931. Miaka mitatu kabla, Cayenne ilikuwa imewaka moto. Kura za ubunge zilichakachuliwa, na mwezi Agosti 1928 Jean Galmot, mwanasiasa kipenzi cha wananchi, akafa ghafla. Watu wakaamini amelishwa sumu. Wakaingia mitaani kwa hasira, na watu sita wakauawa. Washtakiwa 14 wakavushwa bahari kwenda kuhukumiwa mbali na kwao. Na Nantes ni mji gani? Ni bandari iliyotuma meli nyingi za biashara ya utumwa kuliko bandari nyingine yoyote ya Ufaransa. Mjukuu wa mtumwa akasimama pale, bega kwa bega na wakili maarufu Henry Torrès, akawaeleza wazee wa baraza kwamba vurugu zile zilizaliwa na wizi wa kura na dharau ya watawala. Wote 14 wakaachiwa huru. Mimi kila nikifika hapa nanyamaza kidogo, maana sijui ushindi wa mahakamani unaougusa moyo kuliko huo.

Mwaka uliofuata watu wa Guyana wakampeleka bungeni. Akawa naibu waziri wa makoloni 1937, akapigania kukomeshwa kwa desturi ya kuifanya Guyana jalala la wafungwa wa Ufaransa. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza alijitolea kuingia jeshi la majini, na baada ya Ufaransa kusalimu amri kwa Wajerumani akaingia kwenye upinzani wa siri huko Auvergne, katikati ya Ufaransa.

Sasa nije penye ugumu. Tarehe 25 Mei 1945 alisema kwamba bila himaya yake Ufaransa ingekuwa nchi iliyokombolewa tu, lakini kwa himaya yake ni nchi iliyoshinda. Wiki mbili tu kabla, huko Sétif, Algeria, Waarabu waliodai uhuru walikuwa wameanza kuuawa kwa maelfu. Aliamini kwa dhati kwamba Jamhuri ingeweza kuwafanya watu wa makoloni raia kamili, na mwaka 1946 alichangia kuifanya Guyana mkoa wa Ufaransa. Sisi tuliolelewa kwenye simulizi za kupigania uhuru hatuwezi kumfuata huko. Nami simfuati. Lakini imani hiyo hiyo ndiyo iliyomfanya asiinamishe kichwa mwaka 1962.

Tangu 1947 alikuwa akiongoza baraza la pili la Bunge, ambalo baadaye liliitwa Seneti. De Gaulle alitaka rais achaguliwe moja kwa moja na wananchi. Katiba, ibara ya 89, ilidai mabadiliko yapite kwanza katika mabaraza yote mawili. Jenerali akachukua njia ya mkato, ibara ya 11, akaenda moja kwa moja kwenye kura ya maoni. Monnerville akasema hapana. Wananchi wakapiga kura ya ndiyo kwa zaidi ya asilimia 60. Yeye akapeleka shauri Baraza la Katiba, chombo kinachochunguza kama sheria zinafuata katiba, nalo likajibu kwamba halina mamlaka ya kuhukumu kauli ya wananchi.

Akasuswa. Milango ya Ikulu ikafungwa kwake, mawaziri wakakwepa Seneti kwa miaka. Maseneta hawakumwacha, wakaendelea kumchagua hadi alipong'atuka mwenyewe Oktoba 1968.

Miezi michache baadaye de Gaulle aliitisha kura nyingine ya maoni, iliyolenga pia kuivua Seneti nguvu zake. Monnerville alizunguka nchi kuipinga. Jenerali akashindwa, tarehe 27 Aprili 1969, na kesho yake akaacha madaraka. Kwa mujibu wa katiba, urais ulikaimiwa na Rais wa Seneti, Alain Poher. Laiti Monnerville angebaki kitini miezi saba tu zaidi, mjukuu wa mtumwa angeingia Ikulu ya Ufaransa.

Mwaka 1974 aliteuliwa kuingia Baraza la Katiba, lile lile lililomjibu kwamba halina mamlaka. Akakaa humo miaka tisa, akiwa mlinzi wa katiba ile ile.

Nimemaliza. Naona mkono umenyooshwa kule nyuma, karibu, dada.